Acha kutafuta jina la gari, tafuta nambari yake

Leo naweka kando habari za kuandika programu, ingawa si mbali sana, kwa sababu mada ni ya magari lakini ugonjwa wenyewe ni wa kompyuta. Nitasema neno langu mapema ili asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho asimalize bando bure: wengi wetu tunaomiliki magari tunatafuta habari zake mtandaoni kwa neno lisilofaa. Tunaandika jina lililobandikwa kwenye buti. Jina hilo lilitungwa na watu wa mauzo ili gari linunuliwe. Halikutungwa ili gari litengenezwe. Tukilitumia kutafutia dawa ya ugonjwa wa gari tunapata takataka, kisha tunaenda kununua spea tusizohitaji.

Najua kuna watakaosema, "Bwana, wewe ni mtu wa kompyuta, waachie mafundi mambo ya magari." Subirini kidogo.

Makundi mawili yanayonichosha

Kundi la kwanza ni la wale wanaouliza hivi: "Jamani, gari langu linatetemeka nikisimama kwenye taa, shida ni nini?" Basi. Hakuna aina, hakuna injini, hakuna mwaka. Watu thelathini wanajibu. Mmoja anasema plagi, mwingine koili, mwingine mikono ya injini, mwingine anasema auze tu. Kila mmoja anazungumzia gari lake mwenyewe, na kila mmoja ana hakika.

Kundi la pili ni la wazee wa mtandao, wale waliokuwapo tangu siku za cyber ya shilingi moja kwa dakika. Hawa wana jibu moja tu: "Tafuta kwanza kabla ya kuuliza!" Wanalitupa hilo kama mtu anayemrushia ombaomba jiwe badala ya mkate. Hawasemi utafute nini, wala utafute vipi. Mgeni wa watu anaenda kutafuta "Premio inatetemeka", anapata matangazo hamsini ya watu wanaouza Premio, anarudi mikono mitupu na aibu juu. Siku nyingine hataki hata kuuliza, anampa fundi funguo na pesa.

Nawalaumu wote wawili, ila kundi la pili zaidi. Kumwambia mtu atafute bila kumfundisha kutafuta ni kiburi kilichovaa kanzu ya hekima.

Kamau yupi?

Tuanze na jambo ambalo kila anayeandika programu hulijua. Ukiwa na orodha ya wateja elfu hamsini, ukaambiwa utafute deni la Kamau, utaliza. Kamau wako mia tisa. Ndiyo maana benki, hospitali na KRA hawakutafuti kwa jina, wanakuomba nambari ya kitambulisho. Jina ni la kumwita mtu. Nambari ndiyo ya kumpata.

Gari ni vivyo hivyo. "Premio" ni Kamau. Mtambo wa kutafuta kama Google haujui gari ni nini. Unachojua ni maneno, na ni kurasa zipi zina maneno hayo. Ukiuandikia neno ambalo wauzaji wanalitumia, utakuletea wauzaji, na huo si ujinga wa Google, ni utii. Ukitaka ukuletee watu waliolifungua gari hilo wakachafua mikono, lazima uandike neno ambalo watu hao wanalitumia.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Wakenya tulikwisha kulijua jambo hili zamani, tena barabarani. Nani hapa hajasikia mtu akisema ana "NZE"? Au "B15"? Au "AE 110"? Hayo si majina ya mauzo hata kidogo. NZE ni mwanzo wa msimbo wa chesisi ya Corolla. B15 ni kizazi cha Nissan Sunny, kilichofuata B14, nacho kilifuata B13. Wauza spea wa Kirinyaga Road wanazungumza lugha hii kutwa. Wanajua kwamba ukisema "nataka koili ya Corolla" hujasema kitu. Lakini mtu huyohuyo anayesema "NZE" akiwa kaunta ya spea, akifika mbele ya simu yake anaandika "Corolla". Ajabu iliyoje!

Na hata tunapotumia msimbo tunaukata mkia. NZE peke yake haitoshi. Kuna NZE121, kuna NZE141, kuna NZE161. Hayo ni magari ya vizazi vitatu, na tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazoyatenganisha. Usizitupe.

Premio mbili, giaboksi mbili

Mkitaka kuona jinsi jina linavyoweza kukugharimu, hebu tumtazame huyuhuyu Premio, maana amejaa kila mtaa.

Premio za kizazi cha kwanza, zilizotoka Japani kuanzia 2001 hadi 2007, msimbo wake mara nyingi unaishia na 240. NZT240 ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1500. ZZT240 ina 1ZZ-FE ya cc 1800. AZT240 ina 1AZ-FSE ya cc 2000, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hizo ni injini tatu tofauti chini ya jina moja. Ushauri wa kusafisha nozeli uliofaa mwenye 1NZ-FE unaweza usimfae kabisa mwenye D-4, kwa sababu nozeli zake haziko mahali pamoja na hazifanyi kazi kwa shinikizo moja.

Kizazi cha pili kilianza 2007, na msimbo wake mara nyingi ni wa 260: NZT260 kwa cc 1500, ZRT260 kwa cc 1800. Hapa kikabadilika kitu kikubwa kuliko sura. NZT240 na ZZT240 zina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, ya kawaida. NZT260 na ZRT260 zina CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka, ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Mafuta yake ni tofauti. ATF ya giaboksi ya kawaida haiingii kwenye CVT, na mkanda ukianza kuteleza kwa sababu ya mafuta yasiyofaa, hapo hamna tena mazungumzo ya kubadilisha mafuta. Mnazungumzia giaboksi nzima.

Sasa mtu anaandika "Premio gearbox oil". Anapata majibu ya magari yote mawili yaliyochanganywa kama pilau. La kwanza linasema T-IV, la pili linasema CVT, na yeye anachagua lenye bei nafuu. Je, kosa ni la nani? Mimi nasema kosa ni la neno. Laiti angeliandika "NZT260", hata mara moja tu, swali la ATF lisingetokea kabisa.

Jina halivuki mpaka, nambari inavuka

Kuna hoja nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Magari mengi tunayoendesha hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, yakatumika kule, kisha yakapakiwa melini hadi Mombasa. Sheria yetu ya KEBS, ile ya KS 1515, inataka gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo linafika hapa likiwa na historia tayari, na maarifa juu yake yako tayari yameandikwa. Yameandikwa na nani? Na wenye magari wa Japani. Yameandikwa pia na Warusi wa Vladivostok na mashariki ya mbali ya nchi yao, ambao kwa miongo mingi wamenunua magari yaleyale ya Kijapani yenye usukani wa kulia. Yameandikwa New Zealand, ambako nao huagiza magari yaliyotumika kutoka Japani kama sisi.

Je, watu hao wote wanatumia jina moja? Hata kidogo. Mazda Demio yetu huitwa Mazda2 kwingine. Axela ni Mazda3, na Atenza ni Mazda6. Honda Fit ni Jazz Ulaya. Nissan March ni Micra. Vitz ni Yaris. Mitsubishi Pajero ni Shogun Uingereza na Montero Marekani. Passo ya Toyota hata si kazi ya Toyota. Ni Daihatsu Boon iliyobadilishwa nembo, kwa hivyo nusu ya maarifa yake yamejificha chini ya jina ambalo hujawahi kulitamka.

Lakini tazama: Mjapani akiandika kuhusu gari la NZT260, anaandika NZT260. Mrusi anaandika NZT260. Mtu wa New Zealand anaandika NZT260. Maneno mengine yote katika ukurasa wao yatakuwa ya lugha nyingine, lakini msimbo haubadiliki hata herufi. Na siku hizi ukurasa wa Kijapani au wa Kirusi unautafsiri kwa kubonyeza mara moja. Tafsiri itakuwa ya kuchekesha, ndiyo, lakini picha ya mkono ulioshika bomba lililopasuka haihitaji tafsiri. Jaribuni kutafuta kwenye Minkara ya Japani au Drive2 ya Urusi kwa msimbo wa chesisi. Mtakuta mtu ameandika hatua kwa hatua, na picha za kila skrubu, kazi ambayo fundi wenu amekuwa akiifanya kuwa siri.

Injini nayo ina pasipoti yake. 1NZ-FE imo ndani ya Vitz, Probox, Fielder, Ist, Sienta, Allion na Premio, na iliuzwa Marekani pia ndani ya Echo na Yaris. Mmarekani hajawahi kuona Probox maishani, lakini ameshabadilisha koili ya 1NZ-FE, na koili yenyewe ina nambari 90919-02240 kila mahali duniani. Ukitafuta "Probox" umemfungia mlango. Ukitafuta "1NZ-FE" umemkaribisha.

Nambari ziko wapi?

Fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi za Kijapani kuna kibati kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Usikisome kama mapambo:

- MODEL: kwa mfano DBA-NZT260, kisha herufi nyingine. Herufi za mwanzo kama DBA au CBA zinahusu kiwango cha moshi cha Japani. Unachohitaji kutafutia ni sehemu ya katikati.
- ENGINE: injini, kama 1NZ-FE, pamoja na ukubwa wake.
- FRAME No.: msimbo, kistari, kisha tarakimu saba. Hii ndiyo nambari ya gari lako peke yake, na imo pia kwenye kitabu cha gari.
- COLOR: rangi. 202 ni nyeusi, 1F7 ni ile fedha ambayo nusu ya Nairobi wanayo. Ukienda kuchanganyiwa rangi, mtajie hii badala ya kumwambia "silver".
- TRANS/AXLE: giaboksi na eksili. Ubishi wa ATF na CVT unaishia hapa.

Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Tovuti nyingi za Marekani na Ulaya zinadai nambari ya VIN yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina hiyo, lina nambari ya fremu tu, kama ile niliyotaja. Ukiiweka, tovuti inakujibu kwamba umekosea. Hukukosea. Ni tovuti isiyokujua. Usikubali ikuambie gari lako ni bandia, na usilipe mtu pesa "akutafutie VIN".

Mashine imesema P0171

Sasa kuna hiki kimtindo cha "kupima na mashine". Fundi anachomeka mashine, inatoa msimbo P0171, anatangaza: "Oxygen sensor imekufa." Unalipa. Taa inazimwa. Baada ya siku nne taa inarudi.

Mashine haikusema sensa imekufa. P0171 maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona hewa ni nyingi kuliko petroli katika upande wa 1 wa injini, na injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja haina upande mwingine. Sababu zinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, kipima hewa kilichochafuka, pampu ya petroli iliyochoka, nozeli zilizoziba, au tundu kwenye bomba la moshi. Sensa ya oksijeni ndiye mjumbe aliyeleta habari. Mjumbe hauawi!

Herufi ya kwanza ya msimbo ina maana: P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni chesisi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo huo una maana moja kwa makampuni yote. Ikiwa 1, kampuni imejitungia yenyewe. P1349 kwenye Toyota unahusu mfumo wa VVT, na ukiutafuta bila kuongeza neno Toyota unaweza kusoma habari za kampuni nyingine kabisa ukadhani ni zako.

Kifaa kidogo cha Bluetooth cha ELM327 na programu ya simu vitakusomea misimbo hii nyumbani. Vingi vinavyouzwa ni nakala, na kampuni ya Elm ya Kanada iliyobuni kijisehemu chenyewe ilifunga 2022, lakini kwa kusoma misimbo ya injini nakala nyingi zinatosha. Kisha unaandika "P0171" "1NZ-FE", pamoja na alama za kunukuu, na si "check engine Premio". Mbinu ni ileile: toa jina, weka nambari.

Andika neno la aliyefungua boneti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hizi ndizo njia zangu za kuinama:

1. Weka alama za kunukuu kwenye kila msimbo. Zamani Google ilikubali alama ya kujumlisha kulazimisha neno. Iliiondoa 2011, na tangu hapo alama za kunukuu ndizo zinazoiambia isikisie. Bila hizo itakubadilishia maneno kwa wema wake.

2. Ondoa wauzaji kwa alama ya kutoa. Ongeza -sale -price -import mwishoni na utaona soko zima likitoweka.

3. Tafuta kwa Kiingereza cha pande mbili. Sisi tulifundishwa bonnet, petrol, gearbox. Mmarekani anaandika hood, gas, transmission. Usipopata kwa hili, jaribu lile.

4. Usitafute malalamiko, tafuta ushindi. Kila mtu anajua kulalamika, kwa hivyo "shaking" na "noise" zitakuletea walalamishi wenzako. Ongeza neno kama "fixed" au "solved". Bora zaidi, weka neno ambalo ni mtu aliyefungua boneti tu angeliandika: nambari ya spea, "10mm", "gasket", "Nm". Mlalamishi haandiki nati inakazwa kwa Nm ngapi.

5. Ukikuta ukurasa umekufa, chukua anwani yake uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Google iliondoa nakala zake za akiba 2024, kwa hivyo usizitegemee. Ukikuta maelezo mazuri lakini picha hazipo, huenda ni msiba wa 2017, pale Photobucket ilipoanza kudai dola 399 kwa mwaka kwa wanaoonyesha picha zao kwenye tovuti nyingine. Picha nyingi za mafundi wa mtandaoni zilipotea kwa usiku mmoja. Archive inazo baadhi.

"Lakini siku hizi kuna AI"

Naam, nilijua mtalileta. Ziko hizi mashine za kujibu, ChatGPT na wenzake, na Google yenyewe tangu 2024 inaweka jibu la mashine juu ya matokeo. Mimi si adui yao, nazitumia kazini kila siku. Lakini zimelishwa kurasa zilezile zilizojaa "Premio". Ukiiuliza kwa jina, inakuchanganyia 240 na 260 kwa Kiingereza safi kisicho na kigugumizi. Tofauti na Google ya zamani ni kwamba huoni tena mchanganyiko wenyewe, unaona jibu moja lenye kujiamini. Hivyo haja ya nambari imezidi, haijapungua. Iulize kwa msimbo, idai nambari ya spea, kisha nenda ukaithibitishe nambari hiyo kwa macho yako.

Wengine watasema fundi wao anajua. Vizuri, na fundi mzuri ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Lakini fundi mzuri ndiye wa kwanza kukuuliza chesisi. Anayechukia ukija na karatasi ya misimbo, jiulize anachoogopa.

Hapa si shilingi tena

Kama yote hayo ni pesa tu kwako, basi sikiliza hili la mwisho, kwa sababu hili ni la roho.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa, ile inayofura gari likigonga, ikitumia kemikali ya ammonium nitrate kuifumua. Kemikali hiyo huharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ikiharibika, mfuko ukifumuka hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Nchini Marekani pekee watu zaidi ya 20 wamekufa hivyo, na mifuko ipatayo milioni 67 ikaamriwa kubadilishwa. Takata iliomba ufilisi Juni 2017. Mifuko yake iliwekwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine. Joto na unyevu: watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, mnanisikia?

Sasa mtu akiandika "Takata recall Fit" atapata orodha za Marekani. Ataweka nambari yake ya fremu kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, na tovuti itaikataa kwa sababu si tarakimu 17. Ataondoka akidhani yuko salama. Wakati huohuo, makampuni ya Kijapani yana kurasa zao za Kijapani ambapo unaweka nambari ya fremu, msimbo na zile tarakimu za baada ya kistari, na inakuambia kama gari hilo hasa limeitwa na kama lilitengenezwa kabla ya kuuzwa nje. Andika jina la kampuni pamoja na neno リコール, yaani wito wa kurudisha gari. Linakili hapahapa. Fungua tovuti ya kampuni yenyewe, weka nambari, tafsiri jibu. Gari lako likiwa limo, lipeleke pamoja na ushahidi huo kwa wakala rasmi wa kampuni hiyo hapa nchini, na usikubali jibu la mdomo.

Hakuna jina la gari litakalokupa jibu hilo. Ni nambari tu.

Deni letu

Namalizia kwa kudai. Maarifa tunayofaidi yaliandikwa na mtu wa Osaka au Vladivostok ambaye hakulipwa chochote. Sisi tukitengeneza gari tunafanya nini? Tunaandika kwenye WhatsApp, "Asanteni wazee, imekubali," na basi. Hakuna mtambo wa kutafuta unaoingia huko. Baada ya mwezi jibu limezikwa chini ya picha za harusi na siasa, na mtu mwingine anauliza swali lilelile.

Barabara za hapa zina vumbi lake, petroli yake na mashimo yake. Mjapani hajui bushi za Fielder hudumu muda gani kwenye njia ya Kitui. Wewe unajua. Basi ukishinda, liandike jambo hilo mahali palipo wazi, kwa mistari mitano: msimbo wa chesisi, msimbo wa injini, msimbo wa kosa, nambari ya spea, na kilichoponya. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa Sheng ukitaka. Nambari zitambeba msomaji hadi kwako.

Na mkiwaona wale wazee wanaopiga kelele "tafuta kwanza", waulizeni swali moja tu: nitafute nambari gani?